Mti mweusi wa Dawyck na miashoki ya hapa kwetu

Barua tatu za safari hii zimegusa mti mmoja: biichi ya Ulaya, aina iitwayo Dawyck, ile inayosimama nyembamba kama mnara na majani yake yakawa na rangi ya zambarau iliyoiva sana. Tumeziweka pamoja na mbili za miashoki, ile miti myembamba tunayoipanda hapa Zanzibar, maana jibu la moja linamsaidia mwenye nyingine. (Jina tunaliandika kwa i mbili. Tukiacha moja, watu watadhani mti wenyewe haujaiva.)

SWALI: Asalaam alaykum. Mwanangu yuko Uingereza, kanitumia picha ya mti mrefu mwembamba, majani meusi ya zambarau, anasema ni biichi ya Dawyck. Anakuja Desemba na anataka kuniletea mche au mbegu niupande mbele ya nyumba. Niko Fumba, ardhi yangu ni uwanda, mawe ya chokaa yako karibu. Utaishi?
Mama S., Fumba

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Hautaishi. Mwambie asinunue.

Wengi hudhani shida ni joto tu, kwamba mti wa baridi ukiletwa pwani utaungua. Biichi ina shida nyingine: huhesabu baridi. Kiangazi cha kwao kikielekea kwisha, hufunga macho yake, yaani vichipukizi ambavyo havijafunguka. Jicho la biichi ni refu na jembamba, kiasi cha sentimita 2, lenye ncha kali, limefunikwa magamba ya kahawia yaliyopandana kama makuti ya paa. Jicho hilo halifunguki vizuri mpaka lipitiwe na wiki nyingi za baridi ya nyuzi chache tu juu ya sifuri, kisha lione mchana unarefuka. Kati ya miti ya misitu ya Ulaya, biichi ni katika inayodai baridi nyingi zaidi.

Sasa tazama tulichonacho sisi. Kipupwe chenyewe, Julai na Agosti, usiku wa Unguja hushuka hadi nyuzi 20 na ushei. Mchana wetu mrefu na mfupi hutofautiana kwa kama dakika 40. Adhana ya Magharibi haisogei hata saa nzima, mwaka mzunguko. Edinburgh jua la Juni huzama karibu saa 4 usiku, na la Desemba kabla ya saa 10 alasiri. Mti uliozoea kuhesabu tofauti kubwa kama hiyo, huku hauna cha kuhesabu.

Mche utakaoletwa Desemba utakuwa umelala. Ukiupanda Fumba utabaki kama fimbo, au utafungua macho machache kwa unyonge: majani madogo, hapa moja, pale mawili, na hayafuatwi na mengine. Wakati huo mizizi iko katika udongo wa moto na inatumia akiba iliyomo shinani. Akiba ikiisha, na mti umekwisha. Mwenye nyumba akiona hivyo huzidisha maji, mizizi ikashikwa na ukungu, ndipo husema mti umeoza. Ulikuwa na njaa kabla ya kuoza. Na wale wanaotaka kuuweka ndani kwenye kiyoyozi: kiyoyozi hushuka mpaka nyuzi 16 au 18, na kwa biichi hiyo si baridi.

Ajabu ni kwamba uwanda wako usingeukera kwa chokaa yake. Kusini mwa Uingereza biichi imesimama misitu mizima juu ya vilima vya chaki. Kina cha udongo ndicho kingeubana.

Mbegu nazo achaneni nazo hata kama mngekuwa na baridi. Watoto wa mbegu hutoka mchanganyiko, mmoja kijani, mwingine umetanuka kama mwembe. Aina hii huongezwa kwa kubebesha, yaani kikonyo chake huunganishwa kwenye mche wa biichi ya kawaida. Umbo la mnara lilianza na mche mmoja ulioonekana kwenye shamba la Dawyck, karibu na Peebles, Scotland, katika karne ya 19. Wenye rangi ya zambarau ulitokana na mbegu zilizooteshwa mwaka 1969 katika bustani ya Trompenburg, Rotterdam, pamoja na ndugu yake wa rangi ya dhahabu. Kila Dawyck ya zambarau inayouzwa leo asili yake ni vikonyo vya mti ule mmoja.

Na asije akautia mche kwenye begi la nguo. Mmea unaoingia Zanzibar unataka kibali cha kuuingiza kilichotolewa kabla ya safari, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Bila hivyo mkaguzi ana haki ya kuuchukua na kuuteketeza, na hatakuwa amekuonea.

SWALI: Mimi ni Mpemba, naishi Milton Keynes. Novemba nilinunua Dawyck ya zambarau ya mita 2, ilikuwa kwenye chungu, nikaipanda nyuma ya nyumba. Udongo ni mfinyanzi mzito. Nilichimba shimo la mita moja kwenda chini, nikajaza samadi na mboji. Sasa ni Machi, majani yote yamekauka kahawia lakini hayadondoki, na naona mti umezama. Umekufa?
K., Milton Keynes

JIBU: Majani yasikutishe. Biichi changa hukaa na majani makavu kutwa kucha baridi nzima, na huyaangusha pale macho mapya yanapoanza kuvimba. Kwangua gome la tawi dogo kwa ukucha. Ukiona kijani chenye unyevu, mti u hai. Ukiona kahawia kavu, shuka chini kidogo ukwangue tena, mpaka ufike penye uhai. Macho nayo yawe magumu na yamejaa; yakivunjika kama kijiti cha kiberiti, tawi hilo limekwenda.

Kinachotutia wasiwasi ni kuzama. Shimo lako lina makosa mawili yanayosaidiana. Udongo wa mfinyanzi hushika maji kama kinamo cha mabonde ya mpunga ya nyumbani; ukichimba shimo refu ndani yake umetengeneza karai. Mvua ikinyesha, maji ya bustani nzima yanakimbilia humo kwa sababu mle ndani pamelainika, wala hayana pa kutokea. Tena samadi na mboji iliyofukiwa huoza, hupungua, na mti hushuka nayo. Shina likifukiwa hata sentimita 5 au 10 juu ya mahali linapotanukia mizizi, gome huoza polepole. Mti unaweza kwenda miaka kadhaa ukionekana mzima, kisha ukakauka kichwa. Mizizi ya biichi iko juu juu, inataka hewa. Mti huu unavumilia mambo mengi lakini miguu kukaa majini, hapana.

Uinue sasa, kabla macho hayajafunguka. Fanya hivi. Siku ambayo udongo haukuganda wala haukulowa chapachapa, chimba kuuzunguka kwa umbali wa sentimita 40 kutoka shinani, pitisha jembe la uma chini, mtoe na bonge lake la udongo mtu wawili mkiuweka juu ya turubai. Toa ile samadi yote. Rudisha udongo wenyewe wa pale shimoni, ukanyage tabaka kwa tabaka, mpaka kina kibaki sawa na urefu wa bonge la mizizi na si zaidi. Upana ndio uongeze: mara 2 au 3 ya bonge. Kuta za shimo zikwaruze kwa uma, maana jembe bapa huzing'arisha kama mtungi na mizizi hushindwa kupenya. Jaza maji shimoni kabla hujarudisha mti. Kama kesho yake bado yamesimama, usipande pale. Panda juu ya tuta lililoinuliwa sentimita 20 hadi 30, lenye upana wa mita na nusu.

Mizizi inayozunguka kwa duara kwa sababu ya chungu ikate au ifumue kwa vidole. Ukimaliza, pale shina linapoanza kutanuka paonekane juu ya ardhi. Usitie mbolea shimoni. Mti wa mita 2 unatoshwa na nguzo moja ya kuegemea, ifungwe chini, kwenye theluthi ya kwanza ya urefu, na uiondoe baada ya mwaka au miwili. Shina lisiloyumba halinenepi. Tandaza maganda ya miti au majani yaliyooza unene wa sentimita 5 hadi 8, kwa duara la mita moja, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Nyasi usiziache ndani ya duara hilo. Zinakunywa kabla ya mti.

Kiangazi cha kwanza, cha pili na cha tatu, wiki isiyo na mvua uupe lita 20 hadi 30 kwa mkupuo mmoja, taratibu. Kikombe kila siku hakifiki chini, na mizizi hujifunza kukaa juu. Kingo za majani zikikauka Julai, mara nyingi ni ukame au upepo. Majani machanga yakisinyaa na kuwa meusi Mei kwa usiku mmoja, ni jalidi iliyochelewa, mengine yatatoka.

Rangi inataka jua. Ile zambarau ni utomvu wa rangi uliofunika kijani cha jani, na kivulini hupungua mpaka jani likawa na kijani cha kutu. Ikitokea tawi moja tu limegeuka kijani kabisa, likate mpaka linapoanzia, mwaka huo huo, maana tawi la kijani lina nguvu kuliko wenzake na litautawala mti. Chipukizi linalotoka chini ya kovu la kubebeshea ni la mti mwingine, ling'oe. Nyuma ya majani ukiona pamba nyeupe inayonata, ni vidukari wa biichi. Mti mchanga waoshe kwa bomba la maji, mkubwa waache. Kupogoa kwenyewe mti huu hauhitaji sana. Ukilazimika, fanya mwisho wa kiangazi.

Utafika mita 20 na upana wa mita 3 hadi 5 kwa umri wake, kwa hiyo wembamba usikudanganye ukaupanda chini ya dirisha.

SWALI: Nimeiona biichi hiyo kwenye simu na moyo umeshauingia. Kama haioti huku, kipi kinakaribia: chembamba, kirefu, cheusi? Kiwanja changu ni kidogo, juu kichanga, chini ya nusu mita naanza kugonga mawe.
Bwana M., Chukwani

JIBU: Mti mmoja wenye sifa zote tatu kwa hali ya hewa yetu hatuna wa kukupa. Umbo chukua kwa mti mmoja, rangi chukua kwa mwingine, uwapange pamoja.

Umbo ni mwashoki, Polyalthia longifolia, asili yake India na Sri Lanka, ule ambao matawi yake yameinama chini yakilishika shina. Majani machanga hutoka ya shaba, kisha huwa kijani kizito kinachong'aa; kwa mbali, jioni, ni mweusi. Kwenye kitalu chagua mche wa sentimita 60 hadi mita 1 wenye ncha moja iliyonyooka. Mche mrefu wa mita 2 kwenye kiriba kidogo ni hasara: pindua kiriba utazame chini, mizizi iliyotoboa na kujizungusha kama kamba ya ndoo haitanyooka tena, na mti huo utakuja kuangushwa na kusi.

Chimba sasa, upande mvua za masika zikishika. Shimo ni sentimita 60 kila upande. Ukifika kwenye jiwe usikubali kuishia hapo. Chukua mtaimbo, vunja mpaka sentimita 80 au upate ufa ambao maji yanapotelea. Jaribu kwa ndoo 2 za maji: yakiingia ndani ya saa moja au mbili, vyema. Jaza kwa udongo wa kinongo, ule mwekundu wa shambani, debe 2 kwa debe 1 la samadi ya ng'ombe iliyooza, iliyokuwa haina joto ukitia mkono. Hapa wazee wa biichi watatushangaa, maana tumemkataza K. kutia samadi. Kule tulikuwa tunazuia karai la mfinyanzi. Kwako mchanga na mawe hayashiki chochote, na bila kitu cha kushika maji mche hautaiona Februari.

Kata kitako cha kiriba sentimita 2, chana ubavuni, panda usawa ule ule wa kitaluni. Kwa ukuta wa miti weka mita 1.5 mti kwa mti; kwa miti ya kutazamwa mmoja mmoja, mita 2 na nusu. Ukuta wa nyumba uwe mita 2 mbali, karo la maji machafu mita 3 au zaidi. Mwezi wa kwanza baada ya kupanda, ndoo ya lita 20 kila baada ya siku moja ikiwa mvua imekata, halafu mara 2 kwa wiki mpaka vuli. Kaskazi ya Januari na Februari ndiyo inayoua. Mwaka wa kwanza usisafiri ukaiachia miche majaliwa.

Funika udongo kuzunguka shina kwa makumbi ya nazi, upande wa nje ukitazama juu, yasiguse shina. Yawe makumbi ya shambani. Yale yaliyofukuliwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi, na kila mvua huimimina chumvi hiyo kwenye mizizi yako.

Usikate kichwa. Mwashoki ukikatwa ncha hutoa vichwa vitatu au vinne na umbo la mnara halirudi. Kama utagonga waya wa umeme, mahali pake si pale.

Rangi sasa. Kuna mti mdogo wa jamii ya mnyaa, Euphorbia cotinifolia, majani yake ya damu ya mzee, na jua letu haliifishi rangi hiyo. Jua ndilo linaloikoleza. Hukua mita 3 hadi 4 na unakubali mkasi. Panda mbele ya miashoki, mita 1.5, kwenye jua kamili. Huoteshwa kwa vipande vya sentimita 20 hadi 30: kata, chovya jeraha kwenye maji utomvu usimame, acha kivulini siku 2 au 3, chomeka kwenye mchanga, umwagilie kidogo tu. Lakini utomvu wake mweupe huunguza ngozi na ukiingia jichoni ni hospitali. Vaa glavu, na kama nyumba ina watoto wadogo au mbuzi hufungwa uani, mti huu usiupande. Badala yake weka kordilini ya majani meusi: shina jembamba linalosimama wima, huvumilia kivuli cha nusu siku, na kipande cha bua cha sentimita 10 kilichofukiwa kwa kulazwa huchipua.

Utaambiwa pia Dodonaea ya zambarau. Ni mti mzuri kwenye milima yenye baridi. Pwani joto humla rangi akabaki kijani, na wewe umeshalipa.

SWALI: Miashoki yangu 14 ya ukuta wa nyumba ya wageni Jambiani imeanza kukauka kingo za majani. Inaanzia ncha, rangi ya kahawia, kisha inaingia ndani. Namwagilia kila siku maji ya kisima. Nimepiga dawa ya wadudu mara mbili, hakuna nafuu.
Msimamizi, Jambiani

JIBU: Dawa ya wadudu acha. Mdudu hali jani kwa mpango mzuri kama huo, kuanzia ncha kwenda ndani kwenye majani yote. Onja maji ya kisima. Yakiwa na ladha ya munyu, umepata mchawi wako. Visima vya pwani ya mashariki huchotwa juu ya maji ya bahari, na ukivuta sana kiangazi chumvi hupanda. Kumwagilia kidogo kila siku kumeongeza tatizo: maji yanakauka juu, chumvi inabaki. Kama unapata maji ya mfereji au ya mvua, mpe kila mti lita 60 kwa mkupuo, mara 2 ndani ya siku tatu, kusudi kuisukuma chumvi chini. Kisha lita 40 mara moja kwa wiki. Majani yaliyoungua hayaponi, tazama mapya.

Tofautisha na upepo wa bahari: huo huunguza upande mmoja tu wa mti, unaotazama maji. Kama ndio huo, panda mstari wa mivinje mbele.

SWALI: Mbegu za mwashoki nimezikausha juani mwezi mzima kisha nikapanda, haikuota hata moja kati ya 50. Kwa nini?
Mkulima, Wete

JIBU: Juani ndiko ulikoziua. Mbegu ya mwashoki si kama ya mahindi, ikikauka inakufa. Okota matunda yaliyogeuka zambarau nyeusi, mapema asubuhi; mengi utayakuta popo wameshakumenyea usiku. Osha nyama yote, loweka usiku mmoja, panda kesho yake au ndani ya wiki, kina cha sentimita 2, mbegu imelazwa. Funika kitalu kwa makuti. Zitachukua wiki 3 hadi 5, na usifukue kutazama.